Wimbo wa Noti Mbili kwenye Harusi ya Neema

Leo nimeaibika, na sitaki pole ya mtu.

Dada yangu Neema ameolewa na Mkongomani wa mtaa wa Skärholmen, hapa Stockholm. Ukumbi tulipata Jakobsberg, watu wamejaa mpaka jikoni. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kupiga kinanda wakati maharusi wanaingia. Nilimbembeleza Neema wiki nzima anipe hiyo kazi, akakubali kwa shingo upande. "Nitaingia mara moja tu maishani. Usiniharibie."

Sasa, mnanijua. Mimi ni mtu wa ile bendi ya zamani ya hapa Stockholm: watu wawili, sinthesaiza moja, mashine ya ngoma, basi. Hawakucheka jukwaani. Hawakutikisika. Walipiga noti mbili, wakanyamaza, wakapiga zile zile. Nusu ya muziki wa redioni leo umetoka kwao. (Hili nimeieleza familia yangu tangu tukikaa Bredäng. Hakuna aliyeuliza.) Nikaona leo ndiyo siku ya kuuelimisha ukoo mzima.

Nimevaa shati jeusi, vifungo hadi kooni. MC akanipa ishara, maharusi wako nje ya mlango. Nikafumba macho. Ti. Kimya. To. Kimya. Mashine ya ngoma nayo: tak. Tak. Nywele zilinisimama, jamani.

Nikasikia watu wanapiga soga. Nikajiambia muziki mzito hauingii siku ya kwanza. Nikaongeza kimya kidogo.

Mkono ukanigusa begani. Alikuwa Mama Furaha, shangazi wa bwana harusi, ambaye ndiye alikuwa aongoze msafara wa kuingia akicheza mbele.

"Mutoto yangu, hii machine iko na shida?"

"Hapana, Mama. Naendelea vizuri."

"Bon. Ukimaliza kupima, utuambie. Bibi harusi anasikia baridi kule inje."

Nikafumbua macho. Hakuna aliyesimama. Simu za kurekodia zimelala mezani. Wimbo wangu ulikuwa unakaribia kuisha, na ukumbi mzima ulikuwa unasubiri uanze.

MC akashika maiki. "Tumshukuru fundi wetu, sauti sasa iko sawa. Tuanze." Wakanipigia makofi. (Yale makofi ya fundi.)

Mama Furaha akanyoosha kidole na kubonyeza kitufe pembeni mwa kinanda. Ni ile rumba iliyokuja na kinanda kutoka kiwandani, inayojipiga yenyewe. Ukumbi ukanyanyuka. Vigelegele. Neema akaingia akicheza huku machozi ya furaha yanamtoka. Nami nimesimama pale, mikono pembeni, sicheki, sitikisiki, mashine inapiga yenyewe. (Sijawahi kufanana na bendi yangu kiasi kile.)

Baada ya keki Neema akanikumbatia kwa nguvu.

"Kaka, asante. Ile rumba umeipiga mpaka nikalia. Ila ule wimbo wako ulionisumbua nao wiki nzima, mbona hukuupiga?"

Nimemwambia niliamua kuuacha, kwa kuwa leo ilikuwa siku yake. Amelia tena, anasema hakujua kama nampenda hivyo. Kwa hiyo chekeni mkitaka, lakini atakayemwambia ukweli, mimi na yeye tusijuane.