Bourse ya Hatari kwa Watu Wasiokimbia

Wananchi wa Beni, wa Butembo na wa vijiji vyote vilivyokombolewa mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 3 Septemba 2001 hatari itashughulikiwa kwa utaratibu.

Tangazo hilo niliandika mimi, Ananie, katibu wa Direction ya Majanga Yanayotarajiwa, nikalibandika kwenye mlango wa bureau yetu, commune Ruwenzori. Mouvement yetu ilikuwa imeshika nchi hii kwa silaha mwaka wa tatu sasa. Ilikuwa na wakuu wa ulinzi, wa forodha, hata wa michezo. Hatari peke yake ndiyo haikuwa na chef. Watu walipatwa nayo hovyo hovyo, bila kujaza fomu.

Sababu ya tangazo ilikuwa barua iliyotufikia kupitia Kampala. Université moja ya Ulaya ilitoa nafasi moja ya bourse, yaani ufadhili, kwa mtafiti wa hapa, achunguze hatari na ustahimilivu kwa miezi sita, na apewe vyombo vya kupimia mvua na mwendo wa udongo. Directeur wetu, papa Phinées, aliisoma mara mbili akaniuliza ustahimilivu ni nini. Kabla sijafungua mdomo alijijibu mwenyewe.

"Ni uwezo wa mwananchi wa kupata shida bila kusumbua bureau. Andika."

Niliandika.

Iliundwa commission ya watu watatu: papa Phinées, mimi, na Abdias, aliyeitwa docteur kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza wa nini. Tulipokea dossier sitini na tatu za waombaji. Directeur akaona kuna hatari ndani ya hatari.

"Tunatafuta mutu neutre, mwenye haiko na upande," alisema. "Mutu mwenye alikimbiaka, ikuwe vita, ikuwe mulima, huyo iko ndani ya affaire. Atachunguza namna gani?"

Basi kila mgombea akatakiwa kuleta attestation, cheti rasmi, kwamba hajawahi kukimbia kitu chochote.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Jokébed, assistante katika université moja ya Butembo. Alikuwa na miaka ishirini na minane, alipanga chumba Mususa, mjini humo humo, lakini kwao ni kijiji kimoja karibu na Kasugho. Aliingia na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, akaweka juu ya meza ya directeur kamba ndefu yenye mafundo.

"Hii kamba ni ya nini?"

"Ni mupasuko, chef. Mulima iko juu ya kijiji yetu imepasuka. Mu mwezi wa kwanza, mupini ya jembe tu njo ilikuwa inaingia. Sasa mutu anaingia mpaka mabega. Kila fundo ni mwezi moja. Nyumba makumi ine ziko chini, na mvua ya mwezi wa kumi iko inakuja."

"Na unataka nini?"

"Bourse, nipime muzuri. Na muhuri yenu. Chef wa kijiji anasema, mwenye atahama bila muhuri ya Beni, atapoteza shamba yake. Batu banaogopa kupoteza shamba kuliko kufa. Mama yangu mudogo Débora iko pale na batoto sita."

"Bon. Attestation yako?"

"Sina. Nilikimbia mara ine."

"Mara ine!"

"Mara ya ine tulikuwa tunakimbia nyinyi, chef."

Docteur Abdias aliangalia dari kwa makini ya kisayansi. Directeur hakukasirika. Aliuliza kama mara hiyo ya nne ilifanyika kwa utulivu.

"Chef," alisema Jokébed, "mu Beni muzima, nani hajakimbia?"

"Huyo njo tunatafuta."

Dossier yake ilikataliwa kwa sababu ya uzoefu uliozidi kiasi. Alikusanya kamba yake, akainua kichwa, akatoka. Nilimsikia nje akimwita Aruna, mfanyabiashara Mwislamu wa Butembo ambaye camion yake hupeleka chumvi Kasugho na kurudi na maharagwe.

Dossier nyingine sitini na mbili zilikuwa na ugonjwa ule ule. Tulikaa wiki mbili tukitafuta. Mwishowe docteur Abdias alitambua kwamba mjini humu mna watu watatu wasiowahi kukimbia, kwa kuwa waliingia pamoja na wale waliokuwa wanakimbiwa. Tuliangaliana. Kwa masikitiko makubwa, tulijichagua.

Nafasi ilikuwa moja, kwa hiyo tulijiandikisha kama mtafiti mmoja wa pamoja. Ilitakiwa pia projet, mpango wa utafiti. Hatukuwa nayo, tukaambatanisha ya Jokébed, maana ilikuwa imeshapigwa mashine. Nilibadilisha jina tu.

Jibu kutoka Ulaya lilifika haraka ajabu. Walitupongeza na kutukumbusha kwamba mtafiti ataishi miezi sita mahali palipotajwa katika projet.

"Ni wapi?" aliuliza directeur, ambaye hakuwa ameisoma.

"Kasugho, papa directeur."

"Kasugho ya wapi?"

"Ya msituni."

Directeur alianza kusikia homa. Lakini radio ya mouvement ilikuwa imeshatangaza kwamba papa Phinées ataikabili hatari kifua mbele, na aliyetaka kurudi nyuma alipaswa kwenda kumweleza kamanda. Homa ilipona. Siku iliyofuata tulipanda camion ya Aruna, juu ya chumvi.

Kijijini tulipokelewa vizuri kupita kiasi. Watu walikuwa wanagombania kutupa nyumba zao. Mama Débora aliwashinda wote: alitupa nyumba yake ya matofali yenye bati jipya, naye akahamia kwenye shule ya kanisa, ng'ambo ya mto, pamoja na watoto wake sita. Directeur aliguswa.

"Mama, mbona unatuachia nyumba nzuri hivi?"

"Sababu mulima iko inakuja, papa. Nyumba isibakie bure."

Asubuhi Jokébed, aliyekuwa amesharudi kwao, alikuja kutuchukua. Hakutaja bourse. Alitupandisha mpaka kwenye mpasuko, akateremsha kamba ndani. Ilimezwa yote. Directeur alisafisha koo.

"Hili ni jambo la kuundia sous-commission."

"Ndiyo, papa," alisema Jokébed. "Lakini angalia kule chini, sawasawa na mupasuko. Ile bati ya kung'aa, ni kwa nani?"

Tuliangalia. Juu ya bati zilikuwa zimeanikwa mashati mawili ya docteur Abdias.

"Ni kwetu," nilisema.

Directeur alifungua mkoba. Alitoa karatasi, akaiweka juu ya mgongo wangu, akaandika amri ya kuhamisha nyumba arobaini zote bila mtu kupoteza shamba, akapiga muhuri mara tatu. Nilitazama saa: dakika nne. Katika historia ya mouvement yetu hakuna karatasi iliyotoka upesi namna hiyo, hata ile ya kuomba msamaha kwa Waganda waliotupa silaha.

Uhamisho ulichukua siku mbili. Directeur aliusimamia kwa kuhama wa kwanza. Mkoba wake, wenye muhuri, aliuacha juu ya meza ya mama Débora, ili ijulikane kwamba bureau bado iko wazi.

Siku ya tatu mvua ilianza asubuhi, na yapata saa sita mchana mlima ulishuka. Ulilia kama camion inayomwaga mawe, ila haukunyamaza. Kutoka shuleni tuliona bati jipya likigeuka mara moja, kisha tukaona udongo tu. Jokébed alizunguka na daftari akiita majina, nyumba kwa nyumba. Jina la mwisho lilipoitikia, alikaa chini kwenye matope akalia kwa sauti. Mama Débora alimfunika na kikwembe chake. Nilitafuta neno la kiutawala la kuandika jambo hilo, sikulipata.

Barabara ilikatika wiki sita. Tulipanga foleni ya maharagwe kama watu, na papa Phinées alijifunza kwamba foleni ina nyuma. Docteur Abdias alianza kufundisha hesabu kwa watoto, akawa na faida kwa mara ya kwanza. Mimi niliandika Ulaya ukweli wote, pamoja na mafundo ya kamba, nikamkabidhi mtu aliyekwenda Butembo kwa miguu. Jibu lilikuwa fupi: bourse ni ya Jokébed, vyombo ni vya Jokébed, na je, yule mtafiti wa pamoja anaendeleaje?

Aruna alipopata njia, Jokébed ndiye aliyekuwa na liste ya kusafiri. Wagonjwa kwanza, kisha mama wenye vichanga. Directeur alikuwa wa arobaini na moja. Aliuliza kama kuna procédure ya haraka.

"Iko, papa," alijibu Jokébed. "Miguu."

Alingoja. Siku zamu yake ilipofika, Jokébed alimwandikia kikaratasi cha njiani, na mimi nikamsindikiza. Tulifika barrière ya Beni mchana, mvua ikinyesha. Camion ilizama kwenye matope mbele ya kamba ya wanajeshi. Askari kijana, mgeni kwetu, alinyoosha mkono.

"Papier."

"Mimi ni directeur wa Direction ya Majanga," alisema papa Phinées.

"Ile bureau? Balifunga. Sasa njo dépôt ya bia. Papier."

Directeur alitoa kikaratasi. Askari alikisoma kwa sauti, polepole, wenzake wakisogea kusikiliza.

"Huyu papa hana ubaya. Mulima ilimuangukia. Mumuache apite. Jokébed, mutafiti, Kasugho."

"Unajua kazi gani, papa?" aliuliza askari.

"Kupiga muhuri."

"Na muhuri iko wapi?"

"Chini ya mulima."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea bunduki. Kisha askari alifungua kamba, akaonyesha magurudumu ya nyuma.

"Bon, pita. Lakini shuka kwanza, usukume na benzako."

Papa Phinées alinitazama, kana kwamba nitatoa pingamizi kwa maandishi. Nilikuwa nimeshashuka. Naye alishuka, akakunja suruali, akaweka bega kwenye camion kati ya Aruna na mwanamke muuza mihogo. Kwa uaminifu wa taarifa hii naandika: alisukuma vizuri.