Mada Tano na Lori la Manirakiza

Jumatatu, 9 Februari

Siku kubwa! Wakati wa chai Mwalimu Mkuu, Madam Domisiana, ametuita ofisini na kutangaza kwamba mzee Audax, mwalimu wetu wa taaluma, anastaafu mwisho wa mwezi. Nikajitahidi kusikitika. Sikufanikiwa.

Nafasi hiyo ni yangu. Nani mwingine? Nafundisha Jiografia na Mazingira darasa la tano A, nina suti, na sauti yangu inasikika mpaka barabara ya malori. Halafu kuna jambo jingine, dogo tu: nilishamwambia mzee Aristides kule Rulenge kwamba mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Mzee Aristides ni baba yake Jovitha, mchumba wangu. Siku ya kujitambulisha aliniuliza pale shuleni mimi ni nani hasa, akanikazia macho, ulimi ukateleza. Sasa cheo kikienda kwa mtu mwingine, nimekwisha. Mchumba sina, na Rulenge sikanyagi tena.

Tatizo lina jina: Madam Scolastica wa tano B. Amehamia mwaka jana tu kutoka Biharamulo. Hapigi kelele, hachapi mtu, na watoto wanampenda. Mbinu chafu sana hiyo.

Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka wilayani, Bwana Venance. Siku hizi wanaitwa Wathibiti Ubora, lakini tunawaogopa vilevile. Atatuona wote wawili tukifundisha utangulizi wa jiografia, zile mada tano za msingi: mahali, sifa za mahali, binadamu na mazingira, mwendo, na kanda. Atakayefanya vizuri ndiye anapewa taaluma. Nikadai nianze mimi, saa nne, mkaguzi akiwa hajachoka. Madam Scolastica akasema hana neno, yeye atafuata. Akatabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Jumanne, 10 Februari

Vita vimeanza. Shule nzima ina tufe moja, lile la plastiki lenye ufa pale Australia. Nimewahi asubuhi, nikalichukua kabatini, nikalizamisha ndani ya gunia la mahindi kwenye stoo ya chakula. Afundishe mahali bila dunia, tuone!

Madam Scolastica akaingia ofisi ya walimu kuuliza kama kuna aliyeona tufe. Nikasema huenda limeazimwa na shule jirani. Mzee Audax akasema shule jirani hawana hata kabati la kuliwekea. Nikainama kusahihisha madaftari kwa bidii, mpaka nikagundua nilishayasahihisha jana. Yeye akasema basi si kitu, atatoka nje na watoto wakatazame kilima.

Kilima! Mtu mzima atoke wilayani na gari la serikali aje kutazama kilima! Nilicheka peke yangu njia nzima.

Jumatano, 11 Februari

Akili hii sijui nilipewa ya nini, kwa kweli inanizidi. Darasa langu lina safu tano za madawati. Mada ni tano. Kila safu nimeipa mada yake ikariri. Ya mlangoni mahali, ya dirishani kanda, na nyingine hapo katikati. Nikiuliza mwendo ni nini, safu ya nne inanyoosha mikono yote na kujibu kama kwaya ya kigango: mwendo ni watu, bidhaa na habari kutoka hapa kwenda pale. Safi kabisa! Tumerudia mpaka watoto wa darasa la pili huko nje wameanza kuitikia.

Kaneza wa safu ya pili, binti mwenye maswali kuliko polisi wa mpakani, akauliza itakuwaje safu ya kwanza ikitaka kujua mwendo. Nikamwambia hilo ni la darasa la sita. Akauliza tena mto Kagera tuuweke mada ipi, maana una mahali, una sifa zake, watu wameujengea mtambo wa umeme, unatembea, na umezitenga nchi. Nikamwambia akae chini.

Alhamisi, 12 Februari

Balaa! Mchana nimekwenda stoo kuchukua tufe langu. Kufuli. Mpishi, Evaristi, ameondoka alfajiri kwenda msibani Biharamulo na ufunguo uko mfukoni mwake. Unga wa uji wa leo na kesho alishamwachia msaidizi, kwa hiyo anayeteseka ni mimi tu. Evaristi mwenyewe atarudi Jumapili, Mungu akipenda. Nikamuuliza Mwalimu Mkuu kama kufuli linaweza kuvunjwa. Akauliza nimeweka nini humo. Nikasema nina wasiwasi na panya.

Mwalimu wa jiografia hana dunia, na hawezi kusema iko wapi! Lakini mimi Pancras nikibanwa ndipo akili inafunguka. Nimempigia simu Manirakiza. Ni dereva wa lori kubwa anayepeleka mzigo Kigali. Tulifahamiana siku lori lake lilipoharibika mbele ya shule akakaa kwangu siku mbili. Kumbe yuko Kigali, anarudi na lori tupu, kesho anavuka mpaka wa Rusumo kwenda Dar es Salaam. Anapita hapahapa! Nikamwomba aingie darasani kwangu awe zana hai ya mada ya mwendo. Akacheka sana, akakubali. Akasema saa tatu kamili anaondoka Rusumo. Kutoka pale mpaka shuleni si mbali, saa nne nitakuwa nimeshafuta ubao.

Najua, angeweza kunikuta shuleni. Lakini hebu fikiria: mkaguzi amekaa, watoto kimya, mara honi! Lori linaingia uwanjani, mlango unafunguka, anashuka nani na suti? Kesho naamkia Rusumo.

Ijumaa, 13 Februari. Asubuhi, mgahawani, Rusumo

Naandika nikiwa na chai na chapati. Mambo yanakwenda vizuri mpaka naogopa. Nyumbani nimeondoka saa mbili kasoro robo. Nimefika hapa, natazama simu: saa moja na nusu! Nikampongeza kijana wa bodaboda kwa mwendo ule, kisha nikamwonya apunguze, ataua watu. Akahesabu nauli yake akinishangaa.

Mara simu ikalia. Ujumbe: karibu Rwanda. Nimefurahi sana. Hata daraja la mpakani sijakanyaga na tayari nakaribishwa. Nyota yangu leo iko juu.

Manirakiza amefika. Nimeangalia saa yake ya mkononi, iko sawasawa na simu yangu. Mwanajiografia hategemei chombo kimoja. Anasema bado anagongesha mihuri kwenye karatasi zake, na saa tatu kamili tunaondoka kama tulivyopanga. Nimeagiza chapati nyingine. Muda upo tele. Naona huruma kidogo kwa Madam Scolastica na kilima chake.

Jioni, nyumbani

Nimekwisha.

Tuliondoka saa tatu kamili, kwa simu yangu na kwa saa yake. Njia nzima naimba. Kona ya shule, honi, lori likaingia uwanjani, vumbi mpaka angani. Nikashuka na suti. Nikakuta watoto wamekaa kwenye majani, wangu na wa tano B pamoja, Madam Scolastica amesimama mbele yao, na Bwana Venance anafunga kalamu yake. Nikatangaza kwa sauti kwamba nimewahi, hata saa nne haijafika. Mwalimu Mkuu akaniuliza saa nne ya jana au ya kesho.

Nikatoa simu niwaaibishe. Saa tano kasoro! Simu ileile! Nikamgeukia Manirakiza. Saa yake inasema saa nne kasoro. Akaniambia kwa upole kwamba yeye saa yake ni ya Kigali, wao wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu zikifika Rusumo hukamata mtandao wa ng'ambo na kujibadilisha zenyewe. Akauliza kwani sikujua. Nilijua! Tofauti hiyo ya saa naifundisha kila mwaka! Nina mpaka mchoro wake!

Bwana Venance akasema ameona walimu waliochelewa kwa mvua, kwa homa na kwa harusi, lakini mwalimu wa jiografia kuchelewa kwa kutojua yuko nchi gani, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta.

Kumbe saa nne ilipofika sipo, Mwalimu Mkuu alimwomba Madam Scolastica awachukue na wangu. Nikaomba nami nipewe nafasi. Nikapewa dakika chache. Nikawakimbiza darasani, Manirakiza nikamsimamisha mbele, na kwa haraka ile sikuona kwamba watoto wamekaa ovyo, kila mtu na rafiki yake. Nikauliza mwendo ni nini. Waliokaa safu ya nne wakanyoosha mikono yote! Mmoja akasema ni milima na hali ya hewa. Mwingine akasema ni latitudo. Wa tatu akasema ni Kanda ya Ziwa. Nikafuta jasho, nikauliza mahali ni nini. Kutoka pembe zote za darasa wale waliokariri mwendo ndio kwanza wakaitikia kwa furaha: watu, bidhaa na habari kutoka hapa kwenda pale!

Kaneza akanionea huruma. Akanyoosha mkono, akasema Madam amewaonyesha kwamba zote tano ziko palepale kilimani: tuko wapi, pakoje, tumepafanya nini, nani anapita, na nani wanafanana nasi. Akaeleza habari ya mikaratusi tuliyopanda na chemchemi iliyokauka chini yake. Akaeleza bibi yake alivyopita njia ileile na mzigo kichwani akitoka Burundi, na leo wanapita Manirakiza na wenzake. Bwana Venance aliandika ukurasa mzima. Neno langu hata moja halikuwemo.

Manirakiza alipigiwa makofi kuliko mimi. Akawapandisha watoto kwenye lori kwa zamu wapige honi.

Madam Scolastica ndiye mwalimu wa taaluma, na mzee Audax amemkabidhi kazi na funguo palepale. Alinipa mkono na kusema lile lori lilikuwa wazo zuri kweli, angependa siku moja tufundishe pamoja. Kejeli za namna hiyo sijawahi kuzisikia.

Jumamosi, 14 Februari

Redio inasema ni siku ya wapendanao. Jovitha amepiga simu kutoka Rulenge, ambako ni muuguzi. Alikuwa ameshasikia yote. Wilaya hii ya Ngara huwezi kuegesha lori kwenye uwanja wa shule ikawa siri.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza kwa nini nilimdanganya baba yake tangu mwanzo. Nikasema nilitaka nionekane mtu wa maana. Akasema yeye alinipenda nikiwa mwalimu wa tano A, na baba yake hana shida na mwalimu wa kawaida, ila mwongo hampokei, na yeye pia haolewi na mwongo. Kesho nikamwambie mzee ukweli. Nikiongeza uongo mwingine hata mmoja, uchumba basi.

Nimelia, siwezi kuficha. Nampenda Jovitha, jamani! Nimeapa: kesho ni ukweli mtupu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Baba, mimi si mwalimu wa taaluma. Mbona ni rahisi tu.

Jumapili, 15 Februari

Nilifika Rulenge watu wanatoka misani. Nikampa mzee Aristides shikamoo nikiwa nimeinama, akaitikia marahaba mwanangu, akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Ndizi na maharage mezani. Jovitha akakaa karibu na mlango wa jikoni, akanitikisia kichwa kunitia moyo.

Nikakohoa. Nikasema baba, mimi si mwalimu wa taaluma.

Nikajisikia mwepesi! Nusu ya kazi imekwisha. Jovitha akafumba macho kwa furaha. Lakini mzee akaacha kula. Akauliza taratibu, si mwalimu wa taaluma? Nikamwona anaitazama suti yangu kuanzia kola mpaka chini kwenye pindo. Mara nikasikia mtu anamjibu kwamba si wa taaluma tena, baba, kwa sababu amepandishwa, sasa ndiye Mwalimu Mkuu. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mzee akainuka akanikumbatia. Akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Akasema Jumatano yeye na wazee wa ukoo wanakuja shuleni kuniona ofisini kwangu, na wanakuja na mbuzi.

Jovitha alinisindikiza mpaka barabarani, machozi yakimlengalenga. Akasema Jumatano naye atakuwepo. Ama nitamwambia baba yake ukweli mimi mwenyewe, mbele ya wazee, ama atausema yeye na pete anivulie palepale.

Niliumia sana. Kwenye gari nikatoa simu nimpigie mzee, nimalize mambo. Namba nikaitafuta, nikaipata. Ndipo nikakumbuka: Jumatano Madam Domisiana ana kikao Ngara mjini! Ofisi itakuwa tupu kutwa. Meza ipo, bendera ipo, kiti kile cha kuzunguka kipo. Kinachotakiwa ni ufunguo tu, na ule wa akiba hukaa kwa mwalimu wa taaluma. Kesho asubuhi nampelekea Madam Scolastica maparachichi na kumpongeza kwa moyo wote. Jovitha akiniona nimekaa kwenye kile kiti, mbele ya ukoo mzima, mambo ya ukweli atayasahau mwenyewe.