Toleo la Tatu Halistaafu

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Kikao cha asubuhi, ofisi ya kompyuta ya hospitali. Mhandisi mpya, binti aliyeajiriwa mwezi uliopita, kabandika orodha ukutani: programu za kustaafishwa kabla ya Ijumaa. Ya kwanza kabisa: foleni ya wagonjwa. Kazi ya mikono yangu! Niliiandika miaka kumi na minne iliyopita, kwa toleo la tatu la lugha yake ya kompyuta. Mhandisi anadai toleo hilo lilishatelekezwa na waliolitengeneza, halitibiwi tena likiugua. Nikasema hata mimi sitibiwi na bado natembea. Hakucheka mtu.
Jengo zima ni mimi tu ninayeijua programu ile. Ikiondoka, nabaki mbadilisha wino wa printa. Lazima nijipange.

Jumanne, 4 Machi
Nimejipanga! Pale kwenye skrini palipoandikwa toleo la 3, nimeandika toleo la 9. Ndani kila kitu kilekile. Dakika mbili tu. Mhandisi alipita, akaona, akanipongeza kwa uchapakazi. Nikajifuta jasho ambalo halikuwepo.
Nyumbani mke wangu aliuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikasema siri ya kikazi. Akasema basi nikatupe taka, kwa siri.

Jumatano, 5 Machi
Mungu wangu. Mhandisi aliamini kweli ni toleo la tisa, akaiunganisha na mtambo mpya wa kuwatumia wagonjwa ujumbe. Programu yangu huandika umri namba tupu. Mtambo ukasoma miezi.
Mama mkwe ana miaka sabini na miwili. Leo alikuwa apasuliwe mtoto wa jicho. Ujumbe ukamwambia ana miaka sita, aende kliniki ya watoto, aambatane na mzazi. Akaenda! Alidhani mtoto wa jicho hutibiwa huko. Kakaa saa tatu kwenye kiti cha chekechea, magoti kifuani, huku zamu yake ya upasuaji ikipita.
Mke wangu hasemi nami. Nimelaumu mtandao.

Alhamisi, 6 Machi
Ningekiri, lakini nimepata njia bora. Umri unakokotolewa na kifurushi, kipande cha programu nilichochukua kwa mtu mtandaoni, ambacho hakijaguswa miaka tisa. Nikamwandikia mwenyewe: tafadhali toa toleo jipya, hata ukibadilisha nukta moja, kionekane kiko hai. Kisha lawama zote ningemtupia yeye.
Akajibu upesi. Aliacha kazi hiyo, sasa anafuga kuku. Kifurushi kina tundu, mwizi yeyote anaweza kusoma majina ya wagonjwa. Alishatangaza kila mahali king'olewe. Kaambatanisha picha ya jogoo. Nakala ya barua: mhandisi wetu, ambaye kumbe alishawasiliana naye wiki mbili zilizopita.

Ijumaa, 7 Machi
Ofisini kwa mkurugenzi. Mhandisi upande mmoja, mama mkwe na mke wangu, waliokuja kulalamika, upande wa pili. Nikaulizwa ile tisa ilitoka wapi. Nikasema ni ya kuwatia moyo wafanyakazi.
Mama mkwe akanigeukia, akakodoa macho.
"Mkwe wangu, hebu niambie. Mwenye mtoto wa jicho humu ndani ni mimi au ni wewe?"
Hata mkurugenzi alicheka. Nikakiri yote.
Saa nne programu ilizimwa. Mhandisi alinivutia kiti, akasema nibonyeze mwenyewe, ni haki yangu. Nikabonyeza. Vumbi liliniingia machoni, macho yote mawili. Binti huyo ndiye aliyemtafutia mama mkwe nafasi nyingine, Jumanne.

Jumatano, 12 Machi
Upasuaji umekwenda salama. Mama mkwe anaona vizuri. Jambo la kwanza aliloona, kasema, ni kwamba nimeota kitambi.
Mkurugenzi kanisamehe! Mhandisi ananifundisha lugha mpya, kwa subira. Nimepewa programu ndogo, ya vitanda vya wodini. Sharti moja: niandike maelekezo, mtu mwingine aweze kuiendesha.
Nimeyaandika. Kurasa arobaini na moja, kwa vifupisho ninavyovijua mimi peke yangu. Atakayetaka kujua kitanda kipi ki wazi, anipigie simu.
Hawa hawaniwezi!