Sumaku ya Bata

Jumatatu, 4 Machi
 Mikataba inaisha Ijumaa na Profesa atabakiza mmoja tu: mimi au Dada Vipimo, anayepima kila kitu mara tatu, hata chumvi. Kazi yenyewe: kuweka atomi moja moja za kobalti juu ya bamba la platinamu, kisha kuona sumaku ya kila atomi inaelekea juu au chini. Atomi hazina msimamo, zinageukageuka tu. Ili Dada asiniwahi, nimebandika karatasi kwenye mashine: USIGUSE. Gundi hakuna. Nimetumia sumaku yenye umbo la bata kutoka mlango wa friji nyumbani.

Jumanne, 5 Machi
Maajabu! Atomi zote ishirini zimeelekea juu na zimetulia tuli. Nimemkimbilia Profesa. Ijumaa atawaleta wakubwa wajionee. Nyumbani mke wangu kauliza bata wake kaenda wapi, mlango wa friji umebaki na sumaku ya samaki tu. Nikasema simjui.

Jumatano, 6 Machi
Nimemtazama bata. Si naye ni sumaku? Nikambandua: atomi ovyo, hii juu, ile chini. Nikamrudisha: zote juu. Mungu wangu, sijavumbua kitu! Naogopa kukosa kazi. Naogopa zaidi kuchekwa na Dada. Sitasema. Ijumaa bata atakaa mfukoni na mimi nitaiegemea mashine.

Ijumaa, 8 Machi
 Wakubwa wanne. Nikaegemea. Atomi zote juu, makofi! Dada akaomba kupima mara ya pili. Akajipenyeza pembeni yangu na karatasi zake, kibanio cha chuma kikanasa kwenye mfuko wangu. Karatasi zikabaki zikining'inia kwenye koti langu.  Profesa akaniamuru nitoe kilichomo. Nikamtoa bata. Mkubwa mmoja akauliza huyo naye ameajiriwa lini. Nilitamani kulia, na nyumbani nikalia kweli.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepona! Dada kapewa mkataba, lakini ameniombea mwezi mmoja wa majaribio chini yake. Sharti ni moja: sumaku isikanyage tena chumba kile. Akasema, kaka, onyo uliandike wewe mwenyewe, likukae kichwani. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye kadi ngumu: MARUFUKU SUMAKU. Nimelibandika kwenye mashine, mahali ambapo kila mtu ataliona. Leo, kwa mara ya kwanza, siogopi chochote.

Gundi bado hakuna. Kadi ilikuwa nzito, bata peke yake hakuiweza. Nimemwongezea samaki.