Sweta za Bomba

Baridi ya mwezi wa sita ndiyo iliyomfungua macho Gwakisa. Alikuwa Iringa, akapita uchochoro wa nyuma ya gesti fulani, akakuta magodoro mabovu yametupwa, akayabeba mpaka Mbeya. Wiki hiyohiyo alikuwa amemsikia fundi akisema bomba la maji ya moto likivalishwa vizuri, maji hayapoi njiani, na kuni na umeme vinapona. Gwakisa hakuamini hata neno. Lakini kuamini si kazi ya muuzaji.

Akakata sponji, akaipaka rangi nyeusi, akaiita sweta ya bomba, kutoka Ujerumani. Mbeya ikavaa. Mwalimu mkuu mmoja alivalisha nyumba nzima, mabomba ambayo hayajaonja maji tangu wakubwa walipokuja kuomba kura, wakafungua koki, wakapiga picha, wakaondoka na maji yao. Mwalimu alisema hata hivyo, siku yakirudi, yatakuta pamoto.

Mbeya ilipokwisha kuvaa, Gwakisa akawasha pikipiki yake, mali pekee aliyoipata kwa jasho, ingawa jasho lilikuwa la wengine, akampakia mwenzake Aroni, wakarudi Iringa. Walimlenga Mama Veneranda, mwenye gesti ya vyumba ishirini na pipa la maji linalokula kuni kama jini. Safari hii Gwakisa aliingia kwa mlango wa mbele.

Mama akaigeuza sponji, akainusa. Akasema yeye hanunui kitu wasichokijua washarika. Kipande kimoja kitolewe sadaka Jumapili, kiuzwe mnadani baada ya ibada; bei itakayofika pale, ndiyo atakayolipa kwa kila chumba. Gwakisa nusura ambusu mkono. Aroni angenyoosha kidole tu, bei ipae.

Jumapili, baada ya mayai na jogoo kuuzwa, sponji ikainuliwa. Aroni akapandisha mpaka watu wakageuka kumtazama. Akashinda, akalipa kwa hela ya Gwakisa. Mzee wa kanisa akauliza kama ilivyo desturi: "Unaondoka nayo, au unamrudishia Bwana iuzwe tena?"

Mama Veneranda akasema kwa upole, "Mwanangu, aliyebarikiwa hivyo anaondokaje nayo?"

Aroni akairudisha. Mnada ukaanza upya, kwa bei ya soda. Ikilala hapo, gesti nzima itavaa kwa soda ishirini. Gwakisa akamkonyeza: panda. Ikapanda, ikalipwa, ikarudishwa. Mara ya tatu mfuko ulikuwa mkavu kama bomba la mwalimu, Gwakisa akalipa kwa pikipiki. Vigelegele. Kwaya ikasimama.

"Mama, bei umeiona," Gwakisa alisema. "Tuanze lini kuvalisha?"

Mama Veneranda akaichukua sponji, akakwangua rangi kwa ukucha. Chini yake yakatokea maandishi ya kalamu, mkono wake mwenyewe: Chumba 7.

"Siwezi kununua godoro langu, baba. Lenyewe limechoka. Sadaka yako ndiyo mpya." Akamkabidhi. "Nenda nalo. Hili usilirudishe."

Aroni alibaki, wameshamwambia anafaa kuwa mzee wa kanisa.

Gwakisa akaomba lifti juu ya lori la mbao. Nyololo kulikuwa na ukungu na upepo wa kukata masikio. Akajiviringishia sponji kutoka kiunoni mpaka shingoni. Walipofika Makambako alikuwa anatoka jasho, na hilo lilikuwa lake.

Dereva aliposhuka, anatetemeka, akamwuliza hiyo kitu anauza bei gani.

Gwakisa akaikumbatia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema hauzi.