Gunzi Kwenye Bawa la Ndege

Leo nimeaibika hadi masikio yakashika moto. Nawaandikia mapema, kabla hamjasikia habari hii kutoka kwa watu wa Kathonzweni. Wao watakuwa wameshaongeza mbuzi ndani yake.

Mnajua tulimzika kaka yangu Musyoka mwezi uliopita. Tangu siku hiyo mimi si mtu wa maneno mengi, na mama yetu hajacheka hata kidogo. Juzi akateleza jikoni, nyonga ikavunjika. Daktari wa Nairobi akakubali kumfanyia operesheni leo, ila safari ya gari ingemmaliza kwa maumivu. Kanisa likatuombea ndege ndogo. Ikapatikana.

Ilitua asubuhi. Nilivua kofia, nisijue kwa nini. Sikuwa nimewahi kusimama karibu na ndege. Mabawa yako chini, unaweza kuyagusa. (Niliyagusa. Hakuna aliyeniona.) Rubani akashuka: binti kutoka Kasikeu, si mbali na kwetu, anaitwa Mwende!

"Mwaitu, nimekuja kukuchukua," akamwambia mama, akimwita mama kwa Kikamba chetu.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo mimi."

"Umekula?"

Basi rubani akapelekwa kunywa chai, maana kwetu mgeni haondoki na njaa, hata kama amekuja na ndege. Mimi nikaachwa niilinde ndege dhidi ya mbuzi.

Jua likapanda. Ndipo nikaona, chini ya bawa la kushoto, kijibomba kidogo kilicho wazi, kinadondosha mafuta. Tone. Kisha tone lingine.

Sasa nieleweni. Huku kwetu maji tunayafuata kwa punda. Mtu aliyelelewa hapa hawezi kutazama kitu kikidondoka akakaa kimya. Mtungi ukipoteza kifuniko, unachonga gunzi la mahindi, unalifunga kitambaa, unaziba, punda anaendelea na safari. Nami nilikuwa nakula mahindi ya kuchemsha. Gunzi nilikuwa nalo. Kisu nilikuwa nacho. (Akili nilikuwa nimeiacha nyumbani.)

Nilichonga vizuri sana. Nikachana ncha ya leso yangu, nikaziba. Likakaa kama limezaliwa pale. Hakuna tone tena! Nikajiona fundi wa ndege.

Watu walipofika, mama akapakiwa na machela yake, nami nikakaa kando yake kumsindikiza. Akina mama wakaimba, pasta akaomba. Injini ikawaka, nyasi zikalala, kofia ya pasta ikaenda zake. Tukasogea hadi mwisho wa uwanja. Ndege ikanguruma muda mrefu, mwili mzima ukitetemeka. Halafu ngurumo ikapungua. Mwende alikuwa anatazama kitu kama saa ndogo, mshale wake ukilegea.

"Presha ya mafuta inashuka," akasema. "Siruki hivi."

Akawasha pampu ya umeme. Mshale ukainuka kidogo, ukalegea tena. Akageuza kishikio ili injini inywe kutoka tangi la kulia. Mshale ukapanda, ukatulia! Akarudisha la kushoto. Ukalegea.

"Pampu ni nzima, na geji pia," akasema polepole, akiigonga ile saa ndogo. "Shida iko tangi la kushoto."

Jamani! Hajashika hata spana, na tayari ugonjwa ameufungia chumba kimoja.

"Si tutumie hilo la kulia, twende?" mama akauliza.

"Mwaitu, kule juu hakuna pa kuegesha."

Tukarudi walikokuwa watu, akazima injini. Daktari alikuwa anangoja, na mama alikuwa ameuma midomo kwa maumivu. Pasta akainua mkono juu. "Ewe pepo unayezuia safari hii..."

"Pasta, asante, lakini niangalie tangi kwanza."

Akapanda bawani, akalegeza kifuniko. Fyuuuu! Tangi likavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka bwawani. Umati ukarudi nyuma. Mimi vinyweleo vilisimama.

"Tangi linapumua," Mwende akatueleza. "Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie. Isipoingia, injini inanyonya hadi inashindwa. Kuna kijibomba chini ya bawa cha kuingizia hiyo hewa."

Hapo nikakitia kisu changu mfukoni.

Mwende akashuka bawani, akainama. Akatia vidole. Akavuta. Akaliinua juu, gunzi langu na kipande cha leso yangu, watu wote walione.

"Nani ameziba hapa?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini watu walishaanza kumtazama jirani yetu ambaye hatuelewani naye, na mbuzi hawachongi.

"Ni mimi," nikasema. "Ilikuwa inadondosha."

"Tangi lilikuwa limejaa, mafuta yakapanuka kwa jua. Yanadondoka tu, hayana neno." Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Tungeruka na gunzi hili, injini ingetuzimikia angani."

Nilitazama mlango ambao mama yangu alikuwa amelala nyuma yake.

"Mutisya!" mtu akapiga kelele. "Umeziba ndege kama mtungi?"

Mara nikasikia mlio kutoka ndani. Nikajua mama amezidiwa, nikakimbia. Nilimkuta ameshika nyonga, machozi yanamtoka.

"Uui, nyonga yangu!" alikuwa anacheka. "Na gunzi! Musyoka angesikia haya, angefufuka!"

Mwende alipima kila kitu upya, kushoto na kulia, mpaka mshale ukatulia. Ndipo tukaruka. Niliona mabwawa yetu yote chini, madogo kama vipande vya kioo. Sikugusa chochote. Mikono niliikalia hadi Nairobi.

Sasa niko kwenye benchi nje ya wodi. Operesheni imeenda vizuri, mama ameamka. Nawaomba msicheke. Yeye anacheka kwa niaba yenu nyote, na nesi ameshamwonya asifumue nyuzi.