Karamu ya Alhamisi kwa Ajili ya Noam

Jumapili, 5 Machi. Yerusalemu.
Tumefika salama kutoka Montreal, ukoo mzima na masanduku yote, isipokuwa la mkwe mwenzangu Fishel. Sikucheka. Nilitazama dirishani kwa muda.

Noam, mjukuu wetu mimi na Fishel, ametimiza miaka kumi na mitatu. Alhamisi asubuhi atasoma Torati mbele ya Ukuta wa Magharibi, mabaki ya Hekalu letu, na kuhesabiwa mtu mzima. Siku niliichagua mimi. Binti yangu Evelin alinipa kazi hiyo moja ili nisiguse nyingine.

Mpango rasmi: baada ya kusoma, kifungua kinywa hotelini. Samaki baridi. Wazo la Fishel, bila shaka. Mpango wangu, wa siri: meza kamili ya Baghdad. Mimi nilifikisha umri huo mwaka 1951, tukiwa tumeshahamishwa kutoka Baghdad, tunaishi kwenye hema la matope nje ya mji huu huu. Mama alinipa mkate na jamu, akaniomba radhi. Aliendelea kuniomba radhi mpaka uzeeni. Meza ile niliyoikosa nataka kuiona mara moja kabla sijafa.

Usiku Fishel aliuliza kama nimekumbuka Funga ya Esta. Nikamwelimisha. Funga iko siku moja kabla ya sikukuu ya Purimu. Yerusalemu Purimu ni Jumatatu. Basi funga ni Jumapili ijayo. Akasema, "Haya, mkwe. Wewe ndiye msomi." Hatimaye amekiri!

Jumatatu, 6 Machi
Nimempata Habiba, mpishi, mzaliwa wa mtaa wetu wa Baghdad. Kijumba kidogo nyuma ya soko. Nilinusa achari ya embe nikiwa bado barabarani, nikafuata harufu hadi mlangoni.

Nimeagiza kuku wa wali wa kupikwa taratibu, kubba, yaani madonge ya nyama kwenye mchuzi wa bitiruti, sambusa za dengu. Watu thelathini, Alhamisi. Akauliza saa ngapi. Nikasema asubuhi, mara tu baada ya sala. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Jicho langu, una mizaha!" Kwetu "jicho langu" huitwa mpendwa. Nadhani ananipenda.

Jumanne, 7 Machi
Fishel amemchukua Noam matembezini alasiri nzima, eti aiskrimu. Aiskrimu ya kulika kwa saa tatu nzima? Namjua. Anamfundisha kijana mahadhi ya kwao Poland, ili Alhamisi nidhalilike mbele ya Ukuta. Mahadhi ya Baghdad nilimfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo, nikimlaza usingizi.

Nikamhoji Noam. Akasema, "Babu, wewe usijali." Nikajali maradufu.

Jumatano, 8 Machi
Nimefuta kifungua kinywa cha hotelini. Niliwaambia mapokezi kwamba familia ina mzio wa samaki. Yule binti akasema kilikuwa kimeshafutwa juzi. Na Bwana Fishel. Ajabu! Labda amejua kwamba ameshindwa.

Alhamisi, 9 Machi
Nikaenda Ukutani tumbo tupu, nafasi yote nimeziwekea sambusa.

Gombo likafunguliwa. Msomaji akatangaza: leo ni Funga ya Esta, kisomo ni cha funga. Leo! Purimu ya ulimwengu mzima ni Jumapili, na funga huifuata hiyo, hata kwa Yerusalemu inayosherehekea Jumatatu; siku ya kabla yake ni Jumamosi, Jumamosi hatufungi, kwa hiyo funga hurudishwa Alhamisi. Kila mtu alijua. Mwaka mzima Noam amejifunza kisomo kingine, na aliyemponza ni mimi.

Noam akasoma. Kisomo cha funga, bila kukwama hata neno. Na kwa mahadhi ya Baghdad! Nikamgeukia Fishel. Akaninong'oneza, "Maneno nilimpa mimi. Mahadhi alikataa yangu, mtundu huyu."

Nikamuuliza Evelin kwa nini hawakuniambia. Akasema, "Baba, tulikuambia Jumapili. Ukatupa darasa."

Nikakimbilia kwa Habiba. Mlango umefungwa. Nikakaa kizingitini, namfikiria Mama na mkate wake. Fishel alinikuta hapo, akaketi kwa shida, magoti yakilia. Kisha akasema: "Habiba alipiga simu hotelini tangu Jumatatu. Amesema tuje nyota zikitoka, funga ikiisha. Hakuna mtu aliyewahi kumwagiza kifungua kinywa siku ya funga."

Nyota zilipotoka, meza ilikuwepo. Yote. Ukoko wa wali umeshika rangi chini ya sufuria, kama wa nyumbani. Watu thelathini wenye njaa ya siku nzima hawali, wanavamia. Fishel, anayesema chakula chetu kinaunguza, alimaliza sahani tatu, akaomba achari zaidi huku akilia. Noam alinipakulia mimi kwanza. Mkate sikuugusa.

Ijumaa, 10 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Karamu ilifana kwa sababu watu walikuwa na njaa. Walikuwa na njaa kwa sababu ya siku niliyoichagua. Hongera kwangu.

Mwakani ni zamu ya Talia, dada yake Noam, atimizapo miaka kumi na miwili, umri wa utu uzima kwa wasichana wetu. Siku nimeshampangia, kwa kichwa, bila kalenda. Tisa ya mwezi wa Av, siku yetu ya kufunga na kuomboleza, itaangukia Jumamosi. Jumamosi hatufungi. Kwa hiyo Jumapili yake iko huru kabisa! Nimempigia Habiba, nimemwagiza chakula cha mchana. Amecheka tena. Ananipenda.

Nilipomweleza Fishel, alikohoa sana, akaniuliza kama funga ya maombolezo nayo hurudishwa nyuma, au husogezwa mbele. Achari ya jana, bila shaka.